Kikombe cha Samli cha Masele

Mume wangu Masele anafanya kazi kwenye karasha, hizi mashine za kusaga mawe ya dhahabu hapa Segese. Jioni anarudi mweupe hadi kope, utadhani kalala kwenye unga. Wenzake wana imani yao kwamba vumbi huoshwa kwa mafuta. Wengine hunywa maziwa, wengine supu ya mafupa. Wangu alivuka mpaka: kila asubuhi alipasha samli, kikombe kizima, akainywa kama chai.

"Inateremsha vumbi," ananiambia.

Kubishana na Msukuma juu ya samli ya mama yake ni kutwanga maji kwenye kinu. Nilimwacha anywe, lakini roho ilikuwa inaniuma.

Samli hiyo inatoka Kagongwa kwa mama mkwe. Anasukasuka maziwa kwenye kibuyu, anachemsha siagi mwenyewe, anatuletea kwa dumu. Haki ya mtu apewe: ukiitia kwenye mlenda, hata mgonjwa ataomba ugali mwingine.

Basi Masele akaanza kubanwa kifua kila akipanda kilima cha karashani. Akasema vumbi limezidi, akaongeza kikombe cha jioni. Hapo uvumilivu ukaniishia. Nikampeleka hospitali Kahama, nikakaa karibu na mlango asije akatoroka.

Damu ikapimwa. Daktari, mama mmoja anaitwa Ritha, akatueleza taratibu. Chakula kina njia yake na hewa ina njia yake. Samli inashuka tumboni, vumbi linaingia mapafuni, havikutani. Dawa ya vumbi ni kulizuia puani kwa barakoa. Mafuta yenyewe si adui, akasema. Mwili unayatumia kuweka akiba ya nguvu, na bila mafuta kidogo vitamini nyingine za mboga zinapita bure. Ila yakizidi, hasa haya ya ng'ombe yanayoganda, lehemu, ile kolesteroli, inajaa kwenye damu, inagandamana ndani ya mishipa, na moyo unakosa damu ya kutosha.

"Kijiko cha alizeti kwenye mboga kinatosha," akamwambia. "Kikombe ukiache." Akampa na vidonge. Masele akaitikia ndiyo, ndiyo.

Wiki ileile mama mkwe akaja na dumu. Asubuhi akapasha samli kwa mkono wake, akamletea mwanawe. Masele akapokea, maana mama hakataliwi. Niliogopa sana. Nilimwona mume wangu anakwenda kufa kwa sababu ya adabu. Liwalo na liwe, nikasema yote aliyosema daktari, pale pale mbele ya mama mkwe.

Nilitegemea matusi. Mama mkwe akamgeukia mwanawe.

"Ukipanda kilima kifua kinabana?"

"Ndiyo, mayu."

"Na mkono wa kushoto unakuwa mzito?"

Masele akainamisha kichwa. Hilo hakuwa amemwambia mtu, hata mimi.

"Baba yako alikuwa hivyo hivyo," mama mkwe akasema. "Alipoanguka zizini tukasema karogwa. Tukamtaja Mabula, mdogo wake, tukamfukuza kijijini na watoto wake." Akatazama mikono yake. "Na kila asubuhi samli ya baba yako nilikuwa naipasha mimi."

Akakitoa kikombe mkononi mwa Masele, akakiweka chini. Kisha akaniuliza kama kuna mtu anayejua Mabula anaishi wapi siku hizi.