Mukashyaka na Tumbo la Viateur

Mukashyaka anauza majani ya dawa hapa sokoni Ndosho, pembeni ya meza yangu ya makala, makaa ya kupikia. Alitoka Masisi na vipandikizi vya umuravumba ndani ya kitenge, akavipanda katikati ya mawe ya volkano, vikashika. Mutu tumbo likimunyonga, likimwachia, kisha likimunyonga tena, anamupondea majani, anatia maji ya moto, anamunywesha kidogo kidogo. Wengi wanarudi kushukuru. Wengine wanarudi kulalamika eti ni machungu, kama vile walimwagiza Fanta.

Lakini sisi watu wa Ndosho tuna ugonjwa wetu: dawa isiyopitia nyuma kwa poire, ile pampu ya mpira, hatuihesabu kuwa dawa. Mutoto akilia, poire. Muzee akikosa usingizi, poire.

Asubuhi moja Rosette alimuleta bwana yake Viateur kwa pikipiki, amejikunja, jasho linamutiririka. Poire alikuja nayo mukononi.

"Mama, nijazie umuravumba yenye nguvu. Tangu jana tumbo linamukata."

Mukashyaka akamulaza juu ya gunia, akaminya tumbo. Lilikuwa gumu kama ubao. Viateur akatapika maji ya kijani.

"Hii haiko kazi ya majani. Mupeleke hospitali, wamupasue."

"Wamupasue! Unataka niwe mujane?"

"Ukimupiga hiyo poire utumbo utapasuka, na mujane utakuwa kabla ya chakula cha muchana."

Watu walishajaa. Mumoja akapaza sauti: "Dawa zake zimeisha nguvu, anajificha!" Rosette akaanza kuchota majani mwenyewe. Hapo Mukashyaka akamupokonya poire, akaiweka chini, akaikalia. Na makalio anayo, sifichi.

"Inuka, mama!"

"Nitainuka mukishaondoka."

Rosette alimutukana mpaka nyanya yake aliye kaburini. Mukashyaka akamugeukia motari, yule mwenye pikipiki iliyowaleta: "Na weye unangoja nini, baraka ya padri?"

Wakaondoka. Walimupasua siku ile ile. Utumbo ulikuwa umejisokota. Jioni Rosette akapiga simu. "Anapumua, mama. Lakini daktari anasema mpaka ajambe ndipo tujue utumbo umeamuka."

"Basi mumuombee ajambe," akajibu, akaendelea kuponda.

Kesho yake hakuna aliyenunua kitu. Kesho kutwa vilevile. Walisema anafukuza wagonjwa. Yeye akapanga majani yake kama kawaida, akafukuza nzi. Mara simu ikalia, akaiweka sauti kubwa, soko lote lisikie.

Rosette alikuwa analia na kucheka pamoja: "Amejamba, mama! Salle nzima ya wagonjwa wamepiga makofi!"