Mzee Aliyekataa Kuhamishiwa Linux

Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, si binamu yangu wala jirani wa rafiki yangu. Nasema mapema kwa sababu nawajua wasomaji wa visa kama hivi: mnaanza kusoma huku mkitafuta mwanamke mrembo mwenye kwato. Hapa hakuna kwato. Kuna kompyuta kuukuu, mzee mmoja na mimi. Kama hiyo haikutoshi, nenda ukapike.

Mimi ni mzaliwa wa Matinyani, kule Kitui, na duka langu la kutengeneza kompyuta liko Kikima, upande wa Makueni. Mtajie mtu wa Nairobi majina hayo uone macho yanavyomtoka. Papo hapo anaanza kukuuliza habari za uchawi. Mimi tangu nizaliwe sijaona mchawi. Nilichoona ni watu wazima, waliosoma, wakiingia dukani na kunikuta nimeshika bisibisi, kompyuta imefunguliwa mbele yangu hadi utumbo, halafu wananiuliza, "Fundi ameenda wapi?" Maana mimi ni mwanamke, na mwanamke dukani ni wa kulinda mlango.

Mwalimu Rhoda hakuwahi kuniuliza hivyo, ndiyo maana nilimpenda. Alikuwa amestaafu, anaishi peke yake kwenye mteremko chini ya soko, na mumewe, mzee Nzioka, aliyekuwa afisa wa kilimo, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mzee alimwachia kompyuta ambayo Windows mpya ilikuwa imekataa kukaa ndani yake. Mpwa wao Ben, kijana wa suruali za kubana anayefanya kazi mjini, akamshauri awekewe Linux.

Ushauri haukuwa mbaya. Linux ni mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, ni wa bure, na mashine kuukuu huupokea vizuri. Lakini kuhama mfumo ni kama kuhama nyumba inayobomolewa. Usichokitoa mapema kinakwenda na matofali. Ben alikuja na flashi mkononi, kifua mbele, akaniambia nifute tu mashine, yeye alikuwa ameshanakili kila kitu.

Nilichomeka ile flashi. Ilikuwa imejaa vile vialama vyenye mshale mdogo, vinavyoiambia kompyuta faili iko wapi. Faili yenyewe hata moja hakuna. Alikuwa amebeba vibao vya barabarani akauacha mji.

"Ben, ulijaribu kufungua hizi kwa mashine ingine?"

"Si unaziona hapo? Majina yote iko."

"Ninaona mishale."

"Hizo sasa ni details, sister. Wewe weka Linux."

Na mtu kama huyo analipwa mshahara. Nilimwambia arudi Nairobi, mashine aniachie.

Mwalimu Rhoda, aliyekuwa amekuja naye, alibaki nyuma. Printa yake ya kuchapisha masomo ya Sunday school ilimtia wasiwasi kidogo, nikamhakikishia kwamba Linux ingeitambua. Kisha akavuta kiti karibu na meza yangu.

"Mwanangu, hizo zingine zikipotea ni sawa. Lakini kuna video moja mzee anaongea. Simu niliyomchukua nayo ilianguka kwa tangi. Hiyo sauti haiko mahali pengine hapa duniani. Ikipotea, nitakuwa nimemzika mara mbili."

Nilimwambia haitapotea. Kazi ndogo, nikasema. Unanakili faili kwenye diski ya nje, unafuta mashine, unaweka mfumo mpya, unarudisha faili. Kuna ugumu gani?

Jioni hiyo ukungu uliteremka sokoni mapema, kama unavyofanya Kikima miezi ya baridi, hata duka la ng'ambo ya barabara halikuonekana. Nilikuwa nimeichomeka diski ya nje na ndiyo kwanza naanza kazi. Akaingia mzee mrefu mwenye koti la kijivu. Nje kulikuwa na manyunyu, lakini koti lake lilikuwa kavu kabisa.

"Fundi ameenda wapi?" akauliza.

"Ameenda mwezini. Sema shida yako."

Hakucheka. Alikaa bila kukaribishwa. "Nimekuja kwa ajili ya mashine ya Rhoda. Ile video usihamishe."

"Wewe ni nani kwake?"

"Mtu wa nyumbani."

Nikamdharau pale pale. Nawajua watu wa nyumbani. Mtu akiugua huwaoni, akishazikwa ndipo wanapojaa, huyu anataka shamba, yule anataka koti. Niliitafuta ile video nijue ina siri gani, nikaikuta imejificha kwenye folda ya picha za simu, nikaifungua.

Ilionyesha baraza la nyumba na mzee kwenye kiti cha plastiki, blanketi magotini, mate yakimchuruzika. Sauti ya Mwalimu Rhoda ilikuwa ikimuuliza kwa upole, nyuma ya simu, "Unanijua?" Naye anamtazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni, anamuuliza, "Mama, wewe ni wa kwa nani?" Anaulizwa tena, naye anajibu vilevile, mpaka mwisho. Maradhi yalikuwa yamemfuta mkewe kichwani mwake. Hicho ndicho mama wa watu alichokuwa anakililia, video ya mumewe asiyemjua.

Nilitazama skrini, nikamtazama mzee aliyekaa mbele yangu, nikatazama skrini tena. Niamini, sikuhitaji kuambiwa. Uso ulikuwa ule ule. Tofauti ni kwamba wa kwenye video alikuwa amekwisha, na huyu wa dukani alikuwa mzima wa afya.

Unataka kujua kama niliogopa? Niliogopa sana. Lakini hofu yangu mimi haikai, hugeuka hasira. Mtu amekufa, amezikwa, halafu anakuja kuniamuru dukani kwangu!

"Mzee, si wewe ulizikwa?"

"Nilizikwa vizuri. Watu walikula wakashiba."

"Sasa unataka nini?"

"Hiyo iache ifutwe na hizo zingine. Hapo kwa hiyo video simjui Rhoda, ndiyo maana nimetulia. Ukinitoa hapo unipeleke mahali papya, nitamkumbuka. Nikimkumbuka nitamwita. Na Rhoda, mimi nikimwita, huja. Hajawahi kukataa."

Hebu niambie, wewe ungesikia nini katika maneno hayo? Mimi nilisikia majivuno ya mwanaume. Nilisikia mtu anayeona aibu kuonekana akiwa mnyonge. Nilimwambia, "Huyu mama amekulisha kwa kijiko. Amekuosha. Amebakiwa na kitu kimoja tu, na wewe unatoka kaburini kuja kumnyang'anya? Kama unaona aibu kwamba ulimsahau, basi mkumbuke! Mimi ni fundi wa mashine, si fundi wa wanaume."

Nikabonyeza kunakili mbele ya macho yake. Aliutazama ule mstari wa kijani ukijaa polepole mpaka mwisho.

"Haya," akasema. "Ni wewe umenikaribisha."

Akatoka, ukungu ukammeza. Mlango aliuacha wazi, ujue, na baridi yote ile.

Nililinganisha ukubwa wa faili pande zote mbili, ukawa sawa. Nikafuta mashine, nikaweka Linux, nikarudisha kila kitu, nikafunga duka nikaenda nyumbani nikiwa nimefura. Sikuifungua tena ile video. Kwa nini niifungue? Nilishaiona.

Mwalimu Rhoda alipokuja kuchukua mashine yake, aliomba aitazame hapo hapo. Nikamfungulia. Baraza lilikuwa lile lile, na kiti kile kile cha plastiki. Lakini blanketi halikuwepo, wala mate. Mzee alikuwa amekaa wima na koti lake la kijivu. Alitutazama moja kwa moja kutoka kwenye skrini, akatabasamu.

"Rhoda," akasema. "Umekula?"

"Asi!" mama akapiga kelele, mikono kinywani. "Aliniita jina! Mimi nilikuwa nimesahau kwamba aliniita jina!" Alilia, akanikumbatia, akaniombea baraka mimi na wazazi wangu na duka langu. Nami nikaizima mashine nikamfungia kwenye mfuko wake. Najua unasema ungemwambia ukweli. Mtu akiwa kwenye kiti chake nyumbani ni jasiri sana. Nilitazama furaha ile usoni mwake nikashindwa.

Baada ya hapo akaanza kupotea kidogo kidogo. Kwanza hakuonekana kwaya ya akina mama. Halafu masomo ya watoto hayakuchapishwa. Halafu hata Jumapili hakuja. Majirani walisema wanasikia watu wawili wakizungumza ndani, wakicheka hasa. Mchungaji alitumwa. Alisimama sebuleni akakemea pepo wa upweke, akanywa chai, akarudi kutuambia mama anaendelea vizuri katika Bwana. Kazi nzuri kabisa, mchungaji.

Kisha Mwalimu Rhoda akanipigia simu kwamba kompyuta inamwambia imejaa, nimpelekee diski kubwa.

Nilimkuta amekonda mpaka gauni linamning'inia, na kuku wanarandaranda ndani kwenye sahani zisizooshwa. Jikoni moto haukuwa umewashwa siku nyingi. Lakini macho yake yaling'aa kama ya msichana aliyeposwa. Nilichungulia ndani ya mashine. Iliyoijaza ilikuwa faili moja tu, ile video. Kila alipoifungua ilikuwa imerefuka.

"Siku hizi ananijibu," akaniambia. "Ninamwambia habari za kijiji, anacheka. Jana aliniwekea kiti."

Alinionyesha. Kando ya kile kiti cha plastiki, pale barazani, palikuwa na kiti cha mbao chenye kitambaa cheupe cha kufuma. Nikageuka kuitazama meza yake ya chakula. Viti vyote vilikuwa na vitambaa vyeupe vya kufuma, na upande mmoja palikuwa na nafasi tupu.

Niliifuta ile faili. Ikarudi. Nikaifuta kwa amri ambayo haibakishi kitu, ikarudi, na mzee akiwa anatabasamu. Mwalimu Rhoda alinishika mkono, mkono wake ukiwa mwepesi ajabu.

"Mwanangu, unafanya nini? Si wewe ndiye ulinihifadhia?"

Hapo ndipo nilipomweleza yote, ukungu, koti kavu, maneno yote ya mzee. Nilimsihi afunge mlango twende kwangu, au nimpeleke kwetu Matinyani kwa mama yangu, akae mbali na ile mashine hata kwa muda mfupi. Nililia, mimi ambaye silii. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akacheka kwa raha.

"Alikwambia kwamba akiniita huja? Huyo mzee ananijua."

Ben ndiye aliyemkuta, amekaa mbele ya kompyuta, mikono mapajani, ameshapoa. Tulimzika kando ya mumewe. Watu walikula wakashiba.

Unadhani yalikwisha? Kaburi halijakauka, Ben akaja dukani. Alikuwa amenunua kompyuta mpya, nyembamba, yenye mfumo mwingine kabisa, na alitaka kumbukumbu za familia zihamie huko. "Kuna video moja ya auntie na uncle wamekaa pamoja kwa baraza," akasema. "Hiyo ndiyo muhimu." Nilimwambia aiache ioze na ile mashine. Nilimweleza sababu. Akanitazama kwa dharau ile ile niliyomtazama nayo mimi siku ya mishale.

"Sister, wewe mtu wa IT unaamini hivi vitu? Si ajabu biashara iko chini."

Akaenda kwa mwingine. Faili zingine za Mwalimu Rhoda, nasikia, zilisumbua, nusu yake hazikufunguka. Ile video ilihama bila tatizo.

Juzi alinipigia. Sauti yake haikuwa na kifua tena. Alisema video imerefuka, wazee wanazungumza Kikamba, wanataniana, lakini sasa kuna mtu wanayemwita, wanamwita wakingoja, halafu wanamwita tena. Si mtu wa familia yao. Akaniuliza kama ninamjua, akanitajia jina. Lilikuwa langu, lile la nyumbani, ambalo Kikima nzima hakuna anayelijua.

Nilimwambia simjui.

Basi wewe mjuaji unayehamisha mashine za watu, nakuambia bure. Aliyekufa akija mwenyewe kukuomba umwache alipo, mwache. Usimwone mnyonge, usimpe hotuba, usimkaribishe mahali papya kwa sababu tu unajua kunakili. Na kama kuna siku utatumiwa video ya wazee wawili wamekaa barazani, cheka ukitaka kucheka, lakini usinitumie. Na usije ukaniambia wanamwita nani.