Namna Mzee Mbwana Alivyojifunza Kuinuka

Kwa miaka mitatu hivi, watu wa mtaa mmoja wa Tandika walimhesabu Mzee Mbwana kuwa miongoni mwa wacha Mungu wakubwa wa eneo lao. Kila penye hitima au maulidi, pilau ikishaliwa na watu wakishanawa, wenzake waliinuka, wakatafuta viatu vyao, wakaaga. Yeye alibaki mkekani, tasbihi mkononi, macho kayafumba, midomo ikichezacheza. "Mwacheni, anavuta uradi," watu walinong'onezana, na wenye shughuli wakapita kando yake kwa adabu na masufuria yao.

Ukweli ni kwamba Mzee Mbwana alikuwa hawezi kuinuka bila kitu cha kushikia; hata msikitini hakukosa mahali pake kando ya nguzo. Alisubiri watu wapungue, ndipo atambae hadi kwenye nguzo ya turubai, ajivute nayo taratibu na kusimama bila shahidi. Uradi wenyewe aliusoma kweli, tusimsingizie. Mtu akiachwa peke yake mkekani nusu saa, atafanya nini kingine?

Siri ilifichuka siku mvua ilipoikatiza hitima ya jirani. Watu walikimbilia barazani, na wenye nyumba wakaanza kukunja mikeka mbiombio.

"Mzee, tunaomba mkeka."

"Chukueni tu, wanangu."

"Umeukalia, mzee."

Wanaume wanne walimbeba kwapa kwa kwapa, kanzu ikiwa imelowa mgongo mzima. Mmoja wao alikuwa mdogo wake, Suhaib, mtu mwembamba wa miaka hamsini na minane ambaye hukimbia kila Jumapili na hajapata kulinyamazia jambo lolote tangu azaliwe.

Kesho yake Suhaib alikuja nyumbani.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mbona unaniangalia miguu?"

"Naiwazia ndoa ya Raudha."

Raudha alikuwa binti pekee wa Mzee Mbwana, na ndoa yake ilikuwa imebakiza wiki kumi na moja. Siku hiyo baba wa bibi harusi ndiye walii: hukaa mkekani uso kwa uso na bwana harusi, wakashikana mikono, naye akatamka mwenyewe kwamba amemwozesha binti yake.

"Kukaa utakaa," Suhaib aliendelea. "Mzigo hushuka wenyewe. Kuinuka je? Tukubebe tena wanne, mbele ya wakwe? Niwakilishe mie, kaka. Sheria inaruhusu. We unasema tu, 'Suhaib, niozeshee,' basi."

"Au tumwekee kiti," alisema Bi Somoe, mke wa Mzee Mbwana, akichambua mchele.

"Kiti! Mie niwe huko juu, kijana wa watu yuko chini kanyoosha mkono kama anamwomba mwalimu ruhusa ya kwenda chooni?"

Raudha aliyekuwa mlangoni alicheka, kisha akasema kwa upole, "Baba, kwangu mie sawa tu. Akiozesha ba' mdogo, ndoa ni ileile."

Aliyasema kwa mapenzi, na ndiyo maana yaliuma. Mzee Mbwana na Bi Somoe walikaa miaka kumi na minne bila mtoto. Katika miaka hiyo ndugu walimshauri aoe mke wa pili, wengine wakafikia kumletea majina. Alikataa. Raudha alipozaliwa, jambo la kwanza alilomwambia mkewe ni kwamba huyu atamwozesha kwa kinywa chake mwenyewe.

"Naozesha mie," alisema sasa. "Na nainuka mie."

Tuseme alianza kwa bidii, ingawa si bidii ya miguu. Mzee Mbwana ni fundi cherehani, na kwa miaka zaidi ya thelathini miguu yake ilikanyaga pedali kutwa nzima pale sokoni. Kisha akafunga mota. Tangu hapo umeme ndio uliofanya kazi, na magoti yakapumzika hadi yakasahau kazi yao. Muuguzi wa zahanati alimwambia kwamba magoti hayakuwa na ugonjwa wowote. Yalikuwa mavivu. "Ukae na kuinuka, mzee, kila siku, basi."

Fundi hawezi kufanya mazoezi bila vazi. Mzee Mbwana alijishonea suti ya michezo ya buluu yenye mistari miwili myeupe pembeni, zipu mbili, na mfuko wa ndani wa kitambulisho. Aliifumua kola mara tatu. Kazi hiyo ilichukua siku kumi na moja, na katika siku hizo zote alikuwa ameketi.

Jumapili iliyofuata alijiunga na klabu ya mbio ya Suhaib. Watu waliisifu suti. Mbio zilianza saa kumi na mbili asubuhi kwa nyimbo na makofi, na Mzee Mbwana alikimbia vizuri kabisa hadi kwenye transfoma, ambako ni kama hatua mia mbili. Hapo aliita bodaboda. Wenzake walipomaliza mzunguko na kufika kwenye banda la supu wakihema, walimkuta ameshafikia bakuli la pili.

"Kaka umetupita wapi?" Suhaib aliuliza.

"Nyie mnakimbia polepole."

Wiki tatu zilikuwa zimeteketea. Bi Somoe, ambaye hadi hapo hakuwa amesema mengi, aliamua kwamba kumsubiri mumewe apate hamu ya mazoezi ni kusubiri basi mahali ambapo hapana kituo. Hamu aliyokuwa nayo mumewe ilikuwa moja, ya chakula. Basi akaitumia hiyo.

Siku moja Mzee Mbwana alirudi kutoka sokoni akakuta meza ya chakula na viti vyake vyote sita havipo.

"Viko kwa Mwajabu jirani, wanafanyia vikao vya harusi," alisema mkewe.

"Harusi ya nani?"

"Ya mwanao. Karibu, chakula kiko chini."

Kilikuwa wali wa nazi na changu wa kupaka, na hakuna mwanamume anayeweza kuupigania msimamo wake mbele ya sahani kama hiyo. Alikaa, akala, akanawa, akabaki. Bi Somoe aliosha vyombo, akaanika nguo, akarudi.

"Unavuta uradi?"

"Nipe mkono, mama Raudha."

"Mikono yangu ina sabuni."

Siku hiyo aliupata ukuta baada ya kutambaa, akainuka kwa kelele zilizomfanya jirani apunguze redio ili asikilize. Asubuhi yake ilikuwa mbaya zaidi: maandazi yalikuwa mkekani, lakini chupa ya chai ilikuwa dirishani. Kila kikombe kilihitaji safari. Mzee Mbwana ni mtu wa vikombe vitatu tangu ujana wake. Wiki ile alikunywa kimoja, akasema chai siku hizi haina ladha.

Lakini kinywa kina nguvu kuliko goti. Wiki iliyofuata akanywa viwili, akishika ukuta. Baadaye ukuta akauacha, akawa anaegemea goti lake tu, mguu mmoja mbele kama mtu anayefunga kamba za viatu. Jioni alikula polepole, akainuka kufuata chumvi, akakaa, akainuka kufuata ndimu. Bi Somoe alikuwa na kipaji cha kusahau vitu jikoni.

Alfajiri moja, zikiwa zimebaki wiki mbili, Raudha alisikia sauti ya baba yake sebuleni. "Nimekuozesha binti yangu Raudha... aaah! Nimekuozesha binti yangu... yarabi!" Alikimbia akidhani kaanguka. Alimkuta kapiga magoti, mikono chini, katikati ya kushuka na kupanda.

"Baba, jamani, si lazima. Ba' mdogo yupo."

"Ba' mdogo ndiye aliyekungoja miaka kumi na minne?"

Raudha alikaa mkekani mbele yake, akanyoosha mkono kama bwana harusi. Wakarudia mara tano. Mara ya nne baba yake aliinuka bila kusema yarabi.

Siku yenyewe turubai lilifungwa mbele ya nyumba, mikeka ikatandikwa, na wanawake wakajaa madirishani. Sadallah, bwana harusi, kijana mhasibu kutoka Kawe, alikaa akitokwa jasho. Mzee Mbwana alishuka mbele yake, akamshika mkono, akatamka maneno yote bila kutetereka. Sadallah alipojibu kwamba amekubali, sauti ya kijana ndiyo iliyotetemeka.

Kisha watu walianza kusimama. Suhaib alikuwa nyuma ya kaka yake, mikono miwili tayari kama mlinda mlango. Bi Somoe alilishika pazia la dirisha kwa nguvu hadi likakatika uzi. Mzee Mbwana alitanguliza mguu wa kulia, akaegemea goti, akavuta pumzi, akasimama. Hakuguswa na mtu. Vigelegele vilivyopigwa wakati huo, wageni walidhani ni vya ndoa.

"Samahani, mzee," sheikh aliita kutoka mkekani, daftari la vyeti mapajani. "Hujasaini hapa."

"Mpeni huko huko juu!" Suhaib aliharakisha kusema. "Lete daftari, sheikh, mie nampelekea."

Alipogeuka kulipokea, kaka yake alikwisha kuwa chini, amekunja miguu, anaomba kalamu. Mzee Mbwana alisaini herufi moja moja, akapuliza wino, akainuka. Akakung'uta kanzu. Halafu akamtazama Suhaib, akamtazama sheikh.

"Sheikh," aliuliza, "hakuna mahali pengine pa kusaini?"