Bunduki ya Mtu wa Mashoto

Ipo Jumamosi moja ya baridi ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu. Siku hiyo nilikaribia kulipoteza jicho langu la kulia, na kilichotaka kuniponza ni adabu, ile ile adabu njema niliyofunzwa na bibi yangu. Nasikia nawe umepata mtu anayeuza bunduki ya gumegume, iliyokwishatumika, iliyotengenezewa mtu wa mashoto kama wewe, na kwamba wiki ijayo unakwenda kuijaribu. Sikukatazi. Nisikilize kwanza.

Nilikuwa kijana, mgeni hapa Johannesburg, nimetoka Muheza. Nilipanga chumba Bellevue, katika nyumba ya zamani iliyogawanywa vyumba vingi kwa kuta za mbao, na kazi yangu ilikuwa kutengeneza samani kuukuu katika karakana moja kule Observatory. Mteja mmoja aliniletea kitako cha bunduki kilichopasuka. Nikakiunga hadi mpasuko usionekane, akafurahi, akanialika kuwinda pamoja na wenzake. Hao walikuwa watu wa kuwinda kulungu na swala kwa bunduki za kizamani, zile za kushindilia baruti kwa mdomo wa mtutu. Nilikubali upesi. Babu yangu alikuwa na gobori, na harufu ya baruti ilinirudisha nyumbani.

Nikajifunza, nikapata cheti kinachotakiwa, maana sheria ya huku haitaki mchezo, nawe usithubutu kuikwepa. Lakini shabaha ilinishinda. Nikifyatua, risasi inakwenda kwake na shabaha imebaki pale pale. Mwalimu alinichunguza, akaniambia kwamba jicho langu lenye nguvu ni la kushoto na mimi nalenga kwa la kulia. Nitafute bunduki ya mashoto.

Alikuwa amegusa nilipokuwa nimepaficha. Mimi ni mashoto wa kuzaliwa. Nilipokuwa mdogo bibi alinifunga mkono wa kushoto kwa kipande cha kanga kila chakula kilipoandaliwa, akisema mkono huo ni wa msalani. Simlaumu, alinipenda. Nikakua nikijua kwamba kwa mkono huo hupokei, hutoi, wala huuonyeshi mbele ya mkubwa. Nikiwa peke yangu karakanani nilishika msumeno kwa kushoto. Akiingia mtu mzima, msumeno ulihamia kulia wenyewe, hata kabla sijafikiri.

Sasa nikueleze bunduki yenyewe, maana bila hili hutaijua hatari. Ubavuni mwa mtutu kuna kibakuli kidogo cha chuma kinachotiwa baruti laini. Juu yake kuna nyundo iliyouma kipande cha jiwe la gumegume. Ukivuta kifyatulio, jiwe linakwaruza chuma, cheche zinaangukia kibakulini, baruti inawaka, na moto unapenya kwenye kitundu kwenda kuamsha baruti iliyomo ndani. Moto wa kibakulini hutoka pembeni, nje, kila mara. Bunduki ya kawaida ina kibakuli upande wa kulia, na anayelenga kwa bega la kulia moto humwendea mbali. Ya mashoto ina kibakuli upande wa kushoto. Iweke hiyo bega la kulia, na kibakuli kimekaa mbele ya jicho lako kama mtu anayekuchungulia.

Haya yote niliyajua. Niliweza kuyaeleza kama ninavyokueleza wewe.

Niliposikia kuna mzee anauza bunduki ya namna hiyo, kule kwenye mashamba madogo kusini ya Turffontein, mwenye nyumba wetu alisema kijana haendi peke yake kutazama bunduki. Huyu alikuwa Mama Vumilia, Mkongomani wa Kalemie, mjane, mwuza vitenge, mwenye gari ndogo ya mizigo iliyokuwa ikikohoa kila tulipoondoka kwenye roboti, kama wanavyoziita huku taa za barabarani. Njiani alinitania.

“Unaenda kununua bunduki ao kuoa? Umevaa shati ya arusi.”

Nikamwambia ni shati safi tu. Akasema hata bwana arusi husema hivyo.

Mwenye bunduki tukamwita Oom Gert, yaani Mjomba Gert, kama walivyomwita jirani zake. Alikuwa mzee mrefu aliyeinama mabega, na macho yake yalikuwa na utando mweupe. Ndiyo sababu ya kuuza: alikuwa haoni tena zaidi ya vivuli. Kwenye simu aliniuliza kama mimi ni mashoto kweli, nikamjibu ndiyo. Kwenye simu ilikuwa rahisi, hakuna aliyekuwa ananitazama. Kwa jibu hilo moja aliridhika, na sikumlaumu baadaye, maana nilimwambia kweli.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na kichuguu kirefu cha udongo alichokijenga kwa ajili ya kulengea, na kibao cha shabaha kimesimama mbele yake. Alishindilia baruti na risasi kwa kupapasa, taratibu, vidole vyake vikijua njia. Akatia baruti laini kibakulini, akafunika, akageuka kuelekea sauti yangu na kunipa bunduki.

Nikapokea kama nilivyolelewa. Mkono wa kulia mbele, wa kushoto umeshika kiwiko, goti limekunjwa kidogo. Mama Vumilia alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, hatua chache upande wangu wa kulia. Watu wazima wawili, mmoja mama, mmoja mzee wa kigeni, wote wameelekea kwangu. Nilijua bega linalopasa. Nilijizoeza chumbani kwa fimbo ya ufagio, mlango umefungwa. Lakini kuutanguliza mkono wa kushoto pale, mbele yao, niliona haya kana kwamba ningevua nguo. Nikajiambia nitapiga hii moja tu kwa kulia, kwa heshima, kisha nitaomba ruhusa.

Bunduki ikapanda bega la kulia. Nikavuta nyundo nyuma ikashika. Shavu likakaa kwenye kitako. Pembeni mwa jicho langu niliona chuma kinang'aa, nikakiona kama unavyoona pua yako mwenyewe, yaani nisikione. Kidole kikaingia kwenye kifyatulio.

Mwanangu, kifyatulio cha bunduki zile ni chepesi. Mtu akikupigia kelele wakati huo utashtuka, na ukishtuka umekwisha kufyatua. Mama Vumilia alilijua hilo. Hakusimama wala hakupaza sauti. Alisema kwa sauti ile ile aliyotumia kuuliza kama kuna maji kwenye birika.

“Mutoto yangu, toa kidole. Polepole. Usinitazame miye. Kidole tu.”

Nikakitoa. Sijui kwa nini nilitii kabla ya kuuliza, labda kwa kuwa sauti yake haikuwa na haraka. Upepo ulikuwa umekatika. Nilisikia pumzi ya Oom Gert, naye ameganda, hajui kinachotokea na anaogopa kuuliza.

“Sasa ilaze chini. Mudomo yake iangalie udongo.”

Nikailaza kwenye magunia ya mchanga, mdomo ukielekea kichuguu. Hapo ndipo nilipoona kibakuli kilikuwa wapi, nikakaa chini.

Hakunigombeza mara moja. Alimweleza Oom Gert kwa Kiingereza chake cha sokoni nilichotaka kufanya, na yule mzee akashika kichwa kwa mikono miwili akasema “eish, eish” mara nyingi. Kisha mama akaomba kamba. Oom Gert akaifungia bunduki pale pale juu ya magunia, kamba ikafungwa kwenye kifyatulio. Mama akachana mfuko wa karatasi wa mkate, akakitundika kipande chake kwenye kijiti kando ya kibakuli, mahali lilipokuwa jicho langu. Tukarudi nyuma sote. Akanipa ncha ya kamba, nami nikavuta.

Kishindo kilikwenda kwenye udongo na moshi ukaja kwetu. Moshi ulipopungua, karatasi ilikuwa na tundu katikati, kingo zake zikiwaka nyekundu bila kutoa mwali. Mama Vumilia akaichukua, akaizima kwa kidole gumba, akanipa mkononi. Ilikuwa bado ya moto.

Ndipo akaniambia habari za marehemu mumewe. Kule porini aliazima gobori la binamu yake aliyekuwa mashoto. Wenzake walimwonya, akaona kwamba kubadili bega mbele ya vijana wa kijiji ni aibu ya mwanamume. Moto ukamla jicho, na jicho likala pato la nyumba. Nilimsikiliza nikiwa nimeinamisha kichwa, nikaanza kumwomba radhi, nikamwambia nilifanya vile kwa kuwaheshimu wao.

“Nilikuona tangu siku ya kwanza,” akasema. “Unakataka vitunguu na kushoto, nikiingia unahamisha kisu. Nilinyamaza, nilisema ni mambo ya kwao. Lakini hapa si kwenye sahani. Baruti haijuake heshima. Unaniheshimu miye, halafu nikuzike jicho?”

Oom Gert alipofasiriwa maneno hayo alinyoosha mkono wake wa kushoto, akatuonyesha kifundo kilichopinda. Alisema mwalimu wake wa shule alikipiga kwa rula mpaka kikavimba, akitaka aandike kwa kulia. Kumbe si Muheza peke yake.

Akashindilia tena. Mama akaniamuru nipige kwa mkono wangu. Nikauliza kwa sauti ndogo, mbele yenu?

“Mbele yetu. Njo maana tulikuya.”

Nikaipokea kwa kushoto, nikaiweka bega la kushoto, machozi yakinitoka nisijue ni ya moshi au ya nini. Risasi ikaingia katikati ya kile kibao. Bunduki nikainunua, na majira yale yale ya baridi ikanipatia kulungu wangu wa kwanza, ambaye nusu ya nyama yake iliishia jikoni kwa Mama Vumilia.

Basi, mwanangu, utakapokwenda wiki ijayo, mwambie mwenye bunduki kwa kinywa chako, ana kwa ana, kwamba wewe ni mashoto, hata kama ulikwisha kumwambia. Kabla ya kuinua chuma, kitazame kibakuli kiko upande gani wa uso wako. Vaa miwani ya kukinga macho. Mchukue mtu mzima asiyekuonea haya, na wewe usimwonee. Na siku utakapomwona mwenzako amekosea na kidole kiko ndani, usipige kelele.

Wahenga walisema mficha uchi hazai, na pia walisema heshima si utumwa. Sisi wazee tulikufundisha mkono wa kupokelea sahani tukasahau kukwambia adabu hiyo inaishia wapi. Nakwambia leo: inaishia pale mwili wako unapokuwa hatarini. Mkubwa anayekupenda atafurahi kukuona ukiwa mashoto mzima kuliko kukuona na adabu ukiwa chongo. Kama yuko atakayechukia, mwache achukie, wewe nenda na macho yako.

Mola akulindie yote mawili. Akupe nyama halali ya kulisha walio nyuma yako, na popote utakapoulizwa wewe ni nani, ulimi wako utangulie kujibu kabla ya kidole.