Kiangazi cha Shemeji wa Kinshasa

Jina la bwana yangu nililisukuma mu ziwa kwa mikono yangu. Lilikuwa limechongwa kwenye msalaba wa simenti, msalaba umefungwa mu blanketi, mzito kama yeye mwenyewe alivyokuwa akilala baada ya kula. Maji yalikuwa yanaingia ndani ya bato kila wimbi lilipotupiga, na kapiteni alikuwa ameamuru tutupe kila kitu kizito. Mama mmoja alishatupa chumvi yake. Mwanaume mwingine alishatupa mabati. Kisha watu wote wakaanza kuangalia blanketi yangu. Nikailalia juu. Kapiteni akaja akainama, akaongea polepole, na hiyo sauti ya polepole ndiyo iliniogopesha kuliko mawimbi.

“Mama, huyu amekwisha kufa. Tuachie nafasi siye tungali wazima.”

Nikashika upande wa kichwa, wifi yangu, dada mdogo wa marehemu, akashika miguu. Tukasukuma. Haukuelea hata kidogo. Hata alipokuwa hai, bwana yangu hakujua kuogelea.

Sasa turudi nyuma, maana naona watu wanapenda kusema ni upepo ulikosa. Upepo haukukosa kitu. Ulikuja mu mwezi wake, mahali pake, kama kila mwaka. Aliyekosa ni mtu, anakula, anavaa kravati. Majina ya familia siyaandiki, basi nitamwita vile ninavyomwita mbele ya uso wake: Shemeji. Ni kaka mkubwa wa bwana yangu, na anaishi Kinshasa.

Bwana yangu alikufa akiwa amekwenda kusalimia kwao, kijiji kilicho mbele ya Kalemie ukishuka kusini. Walimzika kule. Minye nikarudi Uvira, kwangu Nyamianda, na nguo nyeusi. Kwao, nguo hiyo mjane hajivui mwenyewe. Ndugu mkubwa wa marehemu ndiye anamvua, juu ya kaburi, siku ya kutosha matanga, kuyaondoa kabisa. Siku hiyo ndugu za marehemu wanaleta simenti na mbuzi, mjane analeta msalaba. Kabla ya hapo haendi arusi, hapiki sikukuu, na habebi mtoto mchanga wa mtu yeyote, asije akampa kifo.

Haya yote niliyavumilia. Kisha binti yangu, aliyeolewa Runingu, akazaa mtoto wake wa kwanza. Nikapanda kwenda kumwona. Mama mkwe wake, mtu wa heshima sana, alinipokea vizuri, akanipa kiti, na akakiweka mbali. Mtoto nilionyeshwa kutoka mlangoni, kama vile watu wanavyoonyeshwa askofu. Binti yangu akalia. Minye nikasema si kitu, tutatosha matanga, halafu nitambeba mpaka mkono ufe ganzi. Hiyo ndiyo sababu nilitaka safari. Sikuwa natalii.

Shemeji akafungua grupu mu simu ili kupanga safari ya familia yote. Tumetawanyika, nchi ni kubwa: yeye Kinshasa, dada yao mkubwa Lubumbashi, binamu yao Isiro, siye Uvira. Kazi ya kutukusanya si ndogo, namkubalia. Alituma programu. Alituma na karte, ramani ya Kongo aliyoipaka rangi mwenyewe. Aliipaka yote rangi moja, njano, kutoka juu mpaka chini, kutoka bahari yao mpaka ziwa letu. Njano ni kiangazi, akaandika. Mwezi wa saba Kongo iko kavu, kila mtu atasafiri bila tatizo.

Dada wa Lubumbashi alifurahi, kwao kweli ni baridi na vumbi. Binamu wa Isiro akajibu kwamba kwao mwezi wa saba mvua inapiga, malori yanalala mu matope, na hiyo njano ya kaka iko inalowa. Watu wakacheka. Hakuja, na mpaka leo hakuna aliyemuuliza kwa nini. Yeye ni mwanaume, iko na kazi.

Minye nilisoma miaka michache tu, lakini ziwa naliona kila asubuhi nikitoa kichwa nje. Nikatuma audio. Nikasema kwa heshima yote, nikianza na salamu za watoto: Shemeji, huku kwetu njia ni mbili. Ya barabara ya Fizi tuiache, kila mtu anajua iko na bunduki gani. Inabaki ya maji. Mu kiangazi barabara zinakauka lakini ziwa linakasirika, upepo wa kusini unatoka mchana na unakutana na bato uso kwa uso. Mu mvua ziwa linatulia kidogo. Tuchague katikati ya mwezi wa tano, mvua inaisha na upepo haujaanza.

Jibu lake nimelihifadhi, naweza kumsikilizisha mtu yeyote. Alisema kaburi halijengwi na simenti mu mvua, kwamba mwezi wa tano watu wa Kinshasa wako kazini, na kwamba watoto wanapata vakansi mwezi wa saba. Kisha akamaliza: “Shemeji, nchi hii minye nimeizunguka. Weye lete msalaba tu.”

Ni kweli ameizunguka. Kwa ndege. Ziwa aliliona kupitia kidirisha, likiwa dogo na la bluu, halina kelele.

Mtu ataniuliza: basi si ungekataa? Mtu huyo hajawahi kuwa mjane. Mjane asiyefika siku ya kutosha matanga, wanasema anaogopa kaburi. Na anayeogopa kaburi, wanasema amelala na mwanaume mwingine akiwa bado na nguo nyeusi. Kule kijijini hawangesema “upepo”. Wangesema “mwanaume”. Na Runingu wangesikia.

Basi nikachongesha msalaba hapahapa Nyamianda, mzuri, na siku ikafika. Wenye mabato wetu si wajinga. Mu mwezi wa saba wanatoka alfajiri, wanafuata kando kando ya ardhi, na wakiona maji yanaanza kuwa meupe wanaingia mu kijiji kilicho karibu, wanalala. Kapiteni wetu alijua hayo yote. Lakini tulikaa ndani ya bato tangu asubuhi tukingoja mizigo ya mkubwa fulani, ambaye mwenyewe hakusafiri, mizigo yake tu ndiyo ilikuwa na haraka. Jua likawa juu ya kichwa. Mzee mmoja wa kushona nyavu alimwambia kapiteni angoje kesho. Kapiteni akamjibu kama anataka kesho aipande mwenyewe. Kisha akaja mtu wa ofisi ya bandari. Akaangalia ziwa, akaangalia bato jinsi lilivyokuwa limezama mpaka shingoni, akaangalia tena ziwa, nafikiri alilipenda. Akapiga kashe, muhuri wa kuturuhusu.

Kilichofuata nimekwisha kukieleza. Kilitukuta karibu na ncha ya Ubwari. Kapiteni hakufa, mu bato hakuna aliyekufa, na kwa hiyo ofisi ya bandari inasema hakuna kilichotokea. Tulitoka mu maji kwenye kijiji kidogo, tumelowa mpaka mifupa, watu wakatuwashia moto na kutupa ugali na samaki ndagala bila kutuuliza sisi ni kabila gani. Hao nawashukuru. Ni wao peke yao mu habari hii nzima.

Tulingoja kule mpaka upepo ulipochoka, tukapata bato lingine, tukafika kijijini tumechelewa. Familia ilikuwa ingali pale. Shemeji alikuwa amevaa suti na kofia ya jua. Kaburi lilikuwa limejengwa tayari, simenti imekauka vizuri sana, lazima nimsifu, na mu kichwa cha kaburi walikuwa wameacha tundu la kusimamisha msalaba. Nikaeleza. Wazee wakasikiliza. Mmoja akasema mama huyu ametoka mu kifo, avuliwe, msalaba utafuata. Nikafikiri imekwisha.

Shemeji akasema hapana. Desturi ni desturi: kaburi bila msalaba halijafungwa, na mjane wa kaburi lililo wazi havuliwi. Yeye mwenyewe hajui kuongea lugha ya baba yake bila kuchanganya Lingala na Kifaransa, lakini siku ile desturi ilikuwa imemkaa vizuri kama ile suti. Kisha akanigeukia, mbele ya watu wote, akaniambia:

“Ungepanga safari yako vizuri, haya yote yasingetokea.”

Nikamtazama wifi yangu. Yeye alisikia ile audio yangu ya kuomba mwezi wa tano, nilipoirekodi alikuwa anakunywa chai kwangu. Yeye alishika miguu ya msalaba. Nikangoja aseme neno moja tu. Alikuwa anatosha mchanga mu sandale yake, na mchanga ulikuwa mwingi sana, haukuisha mpaka kikao kikafungwa. Kaka yake ndiye anamlipia mtoto masomo. Namwelewa. Lakini namwandika.

Mbuzi alikuwa amekwisha kuchinjwa, hawezi kurudishiwa roho, basi wakamla. Nilirudi Uvira na nguo nyeusi ileile, imeongezeka chumvi ya yule mama wa mu bato. Mjukuu wangu sasa anatembea. Akiniona anakuja mbio, na mimi ndiye ninarudi nyuma, na bibi yake mwingine anamdaka kabla hajanigusa goti. Mtoto anadhani ni mchezo. Anacheka.

Juzi Shemeji amefungua tena grupu. Ameweka programu mpya ya kutosha matanga. Ni mwezi wa saba. Karte ni ileile, amebadilisha mwaka tu.

Kapiteni na mtu wa kashe wana wakubwa zao, wakubwa hao wawaulize, kama wana muda. Shemeji hana mkubwa, yeye ndiye mkubwa. Ndiyo maana namuuliza minye. Sitaki audio, sitaki karte. Nataka asimame mbele ya wazee walewale wa kijiji na mbele ya mama mkwe wa binti yangu, aseme kwa mdomo wake ni nani alichagua mwezi wa saba, na ni nani alikuwa ameambiwa. Akishasema, aje Uvira aende na siye kwa maji, mu mwezi nitakaouchagua minye, anivue nguo hii. Na kama hataki kuja, basi aandike jibu palepale mu grupu, watu wote wasome. Shemeji, ni kosa la nani?