Kombe la Ndugu wa Sinia

Muhidini wa Ngorongo alijipenda, na hilo hakulificha. Kanzu yake aliilalia chini ya mkeka ili asubuhi itoke imenyooka, na kofia yake hakuna mwenziwe aliyethubutu kuigusa. Maulidi yakisomwa kijiji cha Dimani, wanachuo wa Kibiti wakaingia na matari yao, yeye ndiye wa mbele, na wasichana nyuma ya milango wakanong'onezana, "Yule, yule!" Sauti alikuwa nayo, wallahi. Maringo je? Usiseme!

Chuo chao kilikuwa cha Mwalimu Mwinjuma, na vijana waliotoka mbali kusoma Kurani waliishi palepale ukumbini. Walijiita Ndugu wa Sinia kwa kuwa walikula sinia moja, na Muhidini ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Mgeni akiingia alikuwa na mambo yake: atafua kofia za wenziwe, ataimbishwa kasida huku wanamcheka, na chakula atakula wa mwisho, ukoko na mabaki, mpaka aje mgeni mwingine. Lakini kwanza atanyweshwa kombe. Aya huandikwa kwa zafarani ndani ya sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji na marashi, akanywa yeye, kisha wakanywa ndugu wote. Akishakunywa, amekuwa wao.

Mwaka ule mgeni alikuwa Dadi, kijana wa Kimatumbi kutoka milimani, mpole hata ukimkanyaga atakuomba radhi yeye. Na mwaka uleule Wamatumbi wakang'oa pamba ya Mdachi, vita vikawaka. Habari ikawa moja tu kila mahali: watu wanakunywa maji ya dawa ili risasi zisiwadhuru. Akida, mtu wa Mdachi pale Kibiti, akapiga marufuku. Atakayeonekana akinywesha au kunyweshwa maji, kamba shingoni.

"Muhidini, mwanangu," akasema Mwalimu, "kombe la huyu tuliweke kwanza. Vita vipite."

"Kurani nayo tuifanye kwa kujificha, Mwalimu? Sisi si wezi."

"Nimesema tuliweke."

Basi Mwalimu akaenda msibani Ndundu, na Muhidini huyo! Akaandika aya mwenyewe, akawatoa ndugu nje, mchana kweupe, kando ya njia, matari yanalia. Alitaka Kibiti nzima ione kuwa Ndugu wa Sinia hawaogopi mtu. Na Kibiti ikaona, tena ikaona vizuri: vijana duara, Mmatumbi katikati, wanapokezana maji.

Kesho yake, Mwalimu hajarudi, askari wakaja. Hawakuuliza mengi. Walimtoa Dadi ukumbini, wakamfunga kamba, na mpambe wa akida akawa anachekacheka, anasema mti wa kumtundika umeshachaguliwa. Dadi hakulia. Alimtazama Muhidini tu, kama anayesubiri aambiwe afanye nini.

Jamani, Muhidini aliitazama ile kamba. Kifua chote cha jana hakikuwapo. Alijua kuwa akinyamaza atabaki na kanzu yake, na yule mtoto wa watu atakufa kwa sababu ya maringo yake. Akasogea mbele.

"Bwana shaushi," akamwambia mkubwa wa askari, Mnubi mwenye ndevu nyeupe, "maji nimempa mimi. Na kama ni kosa, nifunge mimi. Lakini kwanza tazama ni maji gani."

Akaletewa sahani na zafarani. Akaandika bismillahi, kisha aya. Shaushi akainama, midomo yake ikawa inafuata maandishi. Muhidini akayaosha kwa maji na marashi, akanywa funda moja.

"Haya nayajua," akasema shaushi polepole. "Kwetu mama yangu alininywesha nikiugua."

"Maji ni maji!" akafoka mpambe. "Akida anataka mtu."

Shaushi akawageukia vijana. "Akida nitamwambia nilichokiona kwa macho. Mnasema huyu ni ndugu yenu wa chuo. Basi anywe kila mmoja wenu, hapa, mbele ya bunduki. Mkinywa wote, nimekuta chuo. Akikataa mmoja, nimekuta watu wa vita, nami nitamchukua Mmatumbi."

Vijana wakatazamana. Wengine walikuwa na mama zao wakiwasubiri makwao, na kunywa maji mwaka ule ilikuwa kujitia kitanzi. Muhidini hakuweza kuamrisha tena, alishaamrisha jana. Aliinyanyua sahani, basi.

Aliyetoka wa kwanza alikuwa Kibwana, yule mwoga waliyemtania kuwa hukimbia hata kuku. Akanywa, akapaliwa, akakohoa mpaka machozi. "Mengi mno marashi," akasema. Wakatoka wote, mmoja mmoja, mpaka sahani ikakauka. Shaushi akaikata kamba kwa mkono wake, akaondoka na watu wake, na mpambe nyuma anabwata peke yake.

Jioni sinia likaja, wali na kambale. Dadi, shingo bado nyekundu, akaenda kukaa pembeni kama ilivyo ada ya mgeni. Muhidini akamfuata, akavua ile kofia yake isiyoguswa, akamvika. Akamwinua, akamketisha kwenye sinia mahali pake yeye, kisha akazikusanya kofia za wenziwe na kwenda kukaa pembeni.

"Kaka, hapo ni pangu!" akasema Dadi.

"Palikuwa pako. Kula, ndugu yangu. Jana nilitaka sifa mimi, leo nusura uuawe wewe."

"Mpaka lini sasa?"

"Mpaka aje mgeni mwingine."

Vita vikaleta njaa, njaa ikafunga njia, na mgeni hakuja mwaka ule wala wa pili. Muhidini akala ukoko miaka yote miwili, akafua kofia, akaimbishwa kasida akichekwa. Na sauti, mashaallah, ilikuwa ileile.