Mujomba aliomba arudishiwe minerval yangu kwa mbuzi, siku ya mahari

Wakuu, jambo yenu. Na nyinyi mama zangu munaosoma kila kitu humu bila kuandika hata neno, jambo pia.

Juzi kulikuwa na uzi humu, watu wanavutana: chuo kikuu kiwe bure ao kisiwe bure, na deni la mwanafunzi libebwe na nani. Mumoja akaandika kwamba huku kwetu Congo hatuna deni la masomo, kwa sababu hakuna benki inayokopesha mwanafunzi.

Nilicheka peke yangu. Halafu nikakasirika.

Acha niwaelezee yaliyonipata mimi, hapa Goma, ndani ya nyumba ya mama yangu, mutaa wa Mabanga. Sikusimuliwa na mutu. Mimi ndiye nilikuwa nadaiwa.

Sisi ni Wanande, asili yetu Butembo. Baba alikufa nikiwa karibu kumaliza sekondari. Mama anauza unga na mafuta mbele ya nyumba. Hiyo ni ya kula, si ya unif, chuo kikuu.

Aliyenisomesha ni mujomba, kaka ya mama. Yeye anatoa vitenge Bunagana, mpakani na Uganda, anauza hapa mjini. Alilipa minerval yangu yote, ile karo ya chuo, kuanzia mwaka wa kwanza mpaka digrii ya licence. Na munajua vile inaendaga: kama hujamaliza kulipa, siku ya mutihani wanakurudisha mulangoni mbele ya wenzako wote. Mimi walinirudisha. Mujomba alipopata habari aliuza pikipiki yake, akawa anatembea kwa miguu na mizigo yake.

Kwa hiyo mabingwa wa kutukana wajomba, mungojee kwanza. Huyu mutu nilimupenda, na mpaka leo ninamupenda.

Nikamaliza. Siku ya matokeo walinimwagia poda nyeupe kichwani, kama kawaida yetu, mpaka nikafanana na mutu aliyeanguka ndani ya unga wa mama. Mujomba alicheza kunishinda mimi mwenyewe. Kazi nikapata kwenye duka moja la dawa huko Himbi. Mushahara kidogo, lakini unatoka.

Hapo ndipo Muhindo akaja. Muhindo ni mwalimu wa hesabu, mutoto wa wakulima wa upande wa Beni. Mutaratibu, hana makelele. Tukakubaliana, akatuma wazee wake.

Kwetu mahari ni mbuzi. Siku hizi watu wanazigeuza franga, lakini hesabu inabaki ya mbuzi, na kila mbuzi iko na mwenyewe: ya baba, ya mama, ya mujomba. Bibi arusi haingii mule wanamozungumza. Unakaa chumbani na mashangazi, unasikia kila kitu kupitia pazia, na unafunga mudomo.

Salon, sebule yetu, ilijaa. Soda zikafunguliwa, watu wanataniana, wanajibiana kwa mithali, mambo yanaenda vizuri. Halafu zamu ya mujomba ikafika.

Akasema: "Mbuzi yangu ya mujomba naijua, hiyo ni ya desturi. Sasa tuongee juu ya mbuzi za minerval."

Soda zikawekwa chini.

Akaendelea: huyu mutoto munayemuchukua hatoki kwetu mikono mitupu, anatoka na diplome. Hiyo diplome niliilipa mimi. Mushahara wake mutaula nyinyi. Donc, basi, munirudishie. Akataja mbuzi nyingi kupita mahari yenyewe.

Yesu wangu! Shangazi mukubwa akanishika mukono. Nilijua Muhindo hawezi. Mwalimu! Yeye mwenyewe anangojea muchango wa wazazi wa wanafunzi ndio ale. Ao angekopa tuanze ndoa na madeni, ao angeamuka aende zake.

Musemaji wa upande wa Muhindo, muzee mumoja wa sauti ya polepole, akajibu: "Muzee, sisi pia tulisomesha. Baba ya huyu kijana aliuza shamba. Hilo shamba tumudai nani?"

Mujomba akasema: "Mutoto mwanaume anabaki kwenu. Nyinyi muko na bahati."

Watu wa Muhindo wakaanza kunong'onezana Kinande haraka haraka. Nikasikia viti vinasogea. Walikuwa wanaamuka.

Hapo, wakuu, nikafanya kitu ambacho binti wa Kinande hafanyagi. Nikatoka. Shangazi alinivuta kitenge cha mabegani, nikamuachia hicho kitenge. Nikapiga magoti mbele ya mujomba, maana heshima ni heshima, nikamuambia:

"Mujomba, nakushukuru. Ukisema ni deni, litalipwa. Lakini deni likilipwa linaisha. Ukipokea hizo mbuzi leo, tumemalizana. Masika akiingia unif mwaka ujao, usinipigie simu."

Masika ni binti yake. Biashara ya vitenge ilikuwa imeshaharibika kwa sababu barabara ya Bunagana haipitiki, na kila mutu mule ndani alijua ni nani anatazamiwa kumusomesha.

Mujomba akanitazama. Aliyesema ni muke wake, aliyekuwa karibu na mulango na sahani ya sambusa: "Papa Masika, achana na hizo mbuzi. Achana nazo sasa hivi."

Akaachana nazo. Akachukua mbuzi yake moja ya desturi, wageni wakakaa tena, tukala. Nikaolewa.

Watu waliniambia nimeshinda, na mimi niliamini. Halafu Masika akaingia unif.

Mujomba hakunidai kitu. Alinipigia simu tu, kwa upole, "mama, bwana hajambo?" Nikaelewa palepale anaomba nini. Kumbe deni ambalo mwenyewe amekataa kulipokea halina mwisho. Sasa ni mimi na Muhindo tunalipa minerval ya Masika, juu ya kodi ya nyumba, na Muhindo naye ako na wadogo zake kule Beni. Kuna wakati ni bugali na sombe, majani ya muhogo, kila siku. Halalamiki, lakini siku zingine anarudi nyumbani anahesabu franga mara mbili, na mimi ninaona haya.

Kwa hiyo mutu akiniambia eti masomo ya juu yakiwa bure nchi itafilisika, ninamuuliza: na sasa ni nani anafilisika? Najua maprof wanapaswa kulipwa, mimi si mutoto. Lakini leo hiyo gharama imebebwa na pikipiki ya mujomba, shamba la baba mukwe, na ndoa ya watu wawili. Serikali ingebeba hata nusu, mujomba wangu asingejiaibisha mbele ya wageni. Hakuwa mutu wa tamaa. Alikuwa mutu aliyechoka.

Nilichojifunza: mukisomeshwa na ndugu, muulizane mapema kama ni zawadi ao ni deni, na kama ni deni linaishia wapi. Musingojee siku ya mahari.

Wiki iliyopita Masika alikuja kutusalimia. Nikamuambia, siku utaolewa, mimi sitadai hata kamba ya mbuzi. Nilifikiri atafurahi. Akaweka kikombe chini, macho yakajaa machozi.

"Basi, dada, nitamaliza kukulipa lini?"

Mwenye jibu aliandike hapa chini, nitasoma yote.